Rejista inasema vifo viwili, redio inasema milioni: nani anadanganya?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mtunza takwimu kwenye hospitali moja ya wilaya hapa Tanzania, ndo najaza MTUHA (vitabu vya takwimu za afya) kila mwezi na kuingiza kwenye mfumo. Mwaka mzima uliopita vifo vya homa ya ini kwenye rejista yetu ni viwili tu. Halafu nasikia redioni homa ya ini inaua watu milioni moja na laki tatu kwa mwaka duniani, eti imekuwa sawa na TB. Nikajiuliza hao watu wanafia wapi, mbona huku hatuwaoni? Wenzangu ofisini wanasema namba zinapikwa ili wafadhili watoe hela. Jambo lingine linanisumbua, mwezi wa tatu nilienda kuchangia damu nikaambiwa nina homa ya ini B. Nina miaka 34, siumwi chochote, macho hayajawahi kuwa ya njano. Sasa mimi nipo kwenye hizo hesabu au sipo? Baba yangu mdogo alifariki na miaka 41, tumbo limejaa maji, watu wakasema karogwa. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na sijamwambia. Naomba unieleweshe kwa urefu, mimi namba naziweza."

Marahaba ndugu yangu. Umeuliza mambo manne kwa pamoja na yote yamefungwa kamba moja, ila la mke wako ndo la haraka kuliko yote, kwa hiyo kama huna muda wa kusoma haya maelezo ya namba ruka mpaka chini usome sehemu yake kwanza, halafu urudi huku taratibu na chai yako.

Wasiwasi wako mkubwa nauelewa hivi: wewe ndo unayejaza, unajua kilichomo, na kilichomo hakifanani hata kidogo na kinachosemwa huko juu. Mtu akiwa mkweli na kazi yake lazima aulize. Sasa nikuombe ufanye kitu kimoja kabla hujaendelea kusoma. Kesho ukifika kazini fungua rejista ya vifo ya mwaka jana, usitafute neno homa ya ini, tafuta haya: kansa ya ini, ini kusinyaa, tumbo kujaa maji, kutapika damu, uvimbe tumboni, kupoteza fahamu kwa mtu ambaye macho yalikuwa ya njano. Andika pembeni na umri wao. Nakuhakikishia hutapata wawili.

Virusi vya homa ya ini B na C haviui kwa jina lao. Mtu anaambukizwa, kwa B mara nyingi akiwa mdogo, anakaa navyo miaka ishirini, thelathini, arobaini bila kujua, virusi vinakwaruza ini polepole, linapata makovu, makovu yanabana njia za damu, ndo maji yanajaa tumboni na mishipa ya kwenye koo la chakula inavimba mpaka inapasuka mtu anatapika damu. Au kansa inaota. Akifika kwako hospitalini anafika na hilo la mwisho, na daktari anaandika hilo la mwisho. Hata kwenye kitabu cha kimataifa cha misimbo ya magonjwa, kile cha ICD-10, homa ya ini sugu ina msimbo wake B18, kansa ya ini iko C22, ini kusinyaa iko K74. Tatu tofauti. Ukihesabu B18 peke yake umehesabu chumvi umeacha mchuzi.

Na mimi nisijifanye msafi. Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, hospitali moja ya mkoa, usiku wodini tulikuwa wawili kwa wagonjwa sitini, nimejaza fomu za vifo nyingi tu nikaandika "moyo na mapafu kushindwa kufanya kazi". Kila anayekufa moyo wake unasimama! Hiyo siyo sababu ya kifo, hiyo ndo maana ya kufa. Kuna kaka mmoja fundi magari namkumbuka mpaka leo, tumbo kama ngoma, nilichoandika mimi kwenye fomu yake hakikuwa na neno ini hata mara moja. Kwa hiyo ukiona rejista ina vifo viwili jua kuna watu kama mimi wa enzi zile nyuma yake. Na hapo nazungumzia wanaofia hospitali, maana wengi familia zinaomba ruhusa wanamrudisha nyumbani akafie kwake, huyo hata rejista hamgusi. Kwenye maeneo machache kama Ifakara, Rufiji, au Kilifi kule Kenya kumekuwa na utaratibu wa kufuatilia kaya miaka na miaka, mtu akifariki nyumbani wanakuja kuhoji familia: aliumwa muda gani, tumbo lilivimba, macho yalikuwaje, alitapika nini. Wanajibiwa "karogwa", lakini dalili zinaandikwa kama zilivyo, na dalili zinasema zenyewe.

Sasa tukishajua vifo vya kansa ya ini na ini kusinyaa ni vingapi, tutajuaje vingapi vimeletwa na virusi na siyo pombe au kitu kingine? Hapa ndo wenzako wanadhani pana kupika, ngoja nikuonyeshe jiko lenyewe. Namba hizi ni za mfano tu nimezitunga mimi. Chukua wagonjwa 100 wa kansa ya ini, wapime wote homa ya ini B, tuseme 55 wanayo. Chukua na watu 100 wa mtaa huohuo, umri huohuo, wasio na kansa, ukapata 6. Kama virusi havina uhusiano na kansa ungetegemea wagonjwa nao wawe karibu 6, siyo 55. Ukigawa 55 kwa 45, halafu 6 kwa 94, ukalinganisha majibu, unapata mwenye virusi yuko kwenye hatari karibu mara 19. Kisha unapunguza wale wachache ambao wangepata kansa hata bila virusi, inabaki kama 52 kati ya 100. Kwa hiyo kwenye kila vifo 100 vya kansa ya ini mahali hapo, 52 unavipeleka kwenye daftari la homa ya ini B. Ndo hivyohivyo kwa ini kusinyaa, ndo hivyohivyo kwa C. Yule aliyeandikwa C22 anabaki kwenye C22, ila tunajua nani alimtuma.

Kuna kona moja hapa inanichekesha kila nikifundisha. Sumukuvu, ile ya mahindi na karanga zilizooza kwa unyevu, nayo inaleta kansa ya ini, na ikimkuta mtu mwenye virusi vya B hatari inazidishana badala ya kujumlishana tu. Sasa mtaalamu wa virusi anasema hivi vifo ni vyangu, mtaalamu wa sumukuvu naye anasema vyangu, ukijumlisha unaweza ukazidi 100 kwa 100. Hakuna anayedanganya, kifo kimoja kilihitaji wote wawili, na ukimwondoa mmoja kisingetokea. Ila mtu asiyejua akijumlisha hizo asilimia anatoka na kioja.

Kwa hiyo ile milioni 1.3 ya redioni ni makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2022, asilimia 83 ni B na 17 ni C, na karibu yote ni kansa na ini kusinyaa. Ndani yake wagonjwa wa ile homa ya ini ya ghafla ya macho ya njano ni wachache sana, kwa hiyo hiyo dhana ya kwamba kama huna macho ya njano huna homa ya ini, ifute leo. Kwanza huku kwetu macho ya njano yanaweza kuwa malaria kali, selimundu, mawe kwenye nyongo. Wewe mwenyewe ni ushahidi, una virusi na macho yako meupe pee.

Je namba zina makosa? Zina makosa, tena makubwa, na hapa wenzako wana robo ya hoja. Utafiti mkubwa wa mzigo wa magonjwa duniani ulisema 2013 walikufa milioni 1.45. Shirika la Afya likasema 2015 ni milioni 1.34. Mwandishi wa habari akiziweka pamoja anaandika "vifo vyapungua", kumbe ni mapishi mawili tofauti, kila mmoja na vyombo vyake. Au wanaoishi na B, makadirio ya 2019 yalikuwa milioni 296, ya 2022 yakawa milioni 254. Unadhani watu milioni 42 walipona kwa miaka mitatu? Hamna. Kilichobadilika zaidi ni data, nchi zikapima watu vizuri zaidi. Mimi makadirio nayaamini kwa ukubwa wake, yaani kwamba ni mamilioni na siyo malaki, lakini sigombani na mtu juu ya desimali. Na anayesema yanapikwa kwa ajili ya hela, mwambie hela zenyewe za homa ya ini ni kiduchu ukilinganisha na UKIMWI, malaria na TB, huyo mpishi kashindwa kazi.

Turudi kwenye kujua watu wangapi wana virusi, maana hapa ndo makosa ya kila siku yanafanyika, hata kwenye ripoti za halmashauri nimeyaona. Mtu anachukua asilimia ya benki ya damu anasema ndo asilimia ya wilaya. Wanaochangia damu ni kina nani? Wanafunzi wa sekondari, wanaume vijana, ndugu wa mgonjwa aliyekwama wodini. Mzee hayumo, mjamzito hayumo, aliyeambiwa mwaka juzi ana virusi harudi tena. Mwingine anachukua kliniki ya wajawazito, hapo napo wanaume hawamo kabisa, na Uganda kwenye utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 wanaume walikutwa na B karibu mara mbili ya wanawake. Njia safi ni kuchagua kaya kwa bahati nasibu nchi nzima, unagonga mlango, unaomba damu. Ni ghali, ndo maana mara nyingi inapandishwa kwenye gari la utafiti wa UKIMWI, damu ileile inapimwa homa ya ini pia.

Halafu unapima nini? Kenya walichukua damu zilizobaki kwenye utafiti wao wa UKIMWI wa 2007 wakazipima. Asilimia 31.5 ya watu wazima walikuwa na alama ya kuwahi kukutana na virusi vya B. Waliokuwa nayo sugu, asilimia 2.1. Umeiona hiyo tofauti? Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika "theluthi ya Wakenya wana homa ya ini" na kipimo anacho mkononi. Wengi miili yao ilishamfukuza mgeni zamani, zimebaki nyayo zake tu mlangoni. Kwa B kipimo cha kuonyesha mgeni bado yumo ndani ni HBsAg. Kwa C kipimo cha kwanza kinaonyesha kingamwili, yaani nyayo, lazima upime tena virusi vyenyewe ndo ujue.

Tena hivi vipimo vya haraka navyo vina hesabu yake, wewe namba unaziweza kwa hiyo shika kalamu. Mfano tena wa kutunga: watu 1,000, wenye virusi kweli 20. Kipimo kinakamata 95 kati ya 100 ya wenye virusi, na kwa wasio navyo kinakosea mara moja tu kati ya 100. Kipimo kizuri, si ndiyo? Kitawakamata 19 wa kweli. Lakini kwa wale 980 wazima kitawasingizia kama 10. Una watu 29 wamelia na kurudi nyumbani na mawazo, na theluthi moja yao hawana kitu. Ndo maana majibu yako ya benki ya damu lazima yarudiwe, nitafika huko.

Uganda inanipa mfano mwingine ambao watu huutafsiri vibaya. Utafiti wa kitaifa wa 2005 ulikuta kama asilimia 10 ya watu wazima wana B, kaskazini ikiwa juu zaidi. Ule wa 2016 ukakuta kama asilimia 4. Haraka haraka watu wakasema chanjo ya watoto imefanya kazi. Hebu hesabu, Uganda ilianza chanjo ya B kwa watoto 2002. Mtoto wa kwanza kuchanjwa alikuwa na miaka 14 hivi mwaka 2016, na hiyo asilimia 4 ni ya wenye kuanzia miaka 15. Hawakuwemo! Na chanjo ya watu wazima nayo haimtoi virusi mtu ambaye tayari anavyo. Inabidi utafute maelezo kwingine, kwenye tofauti za vipimo, kwenye sampuli, kwenye watu waliofariki hapo katikati. Chanjo inafanya kazi, tena sana, ila siyo kwenye hiyo namba.

Na hilo la muda ndo linalofanya ugonjwa huu uwe mgumu kupima kuliko malaria. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, tisa kati ya kumi wanabaki navyo maisha. Mtu mzima akiambukizwa, chini ya watano kati ya mia. Maana yake wanaokufa leo wana miaka arobaini na kitu waliambukizwa miaka ya themanini wakiwa wananyonya. Vifo vya leo ni barua iliyopostiwa zamani. Tanzania tulianza kuwachanja watoto 2002, hao leo ndo wanatafuta ajira, faida yao kwenye rejista ya vifo tutaiona vizuri huko mbele sana, wewe ukiwa unakaribia kustaafu. Taiwan walianza kuchanja watoto wachanga 1984, na kwenye miaka ya tisini mwanzoni kansa ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka karibu nusu. Kwa hiyo anayetaka kupima mafanikio ya chanjo leo asitazame vifo, aende akapime watoto wa chini ya miaka mitano. Lengo la dunia la 2030 ni wasizidi mmoja kati ya 1,000.

Sasa uko kwenye hesabu au haupo. Upo kwenye ile milioni 254 ya wanaoishi nayo (kama kipimo kitathibitika), haupo kwenye 1.3 ya waliokufa, na kwa dawa zilizopo hakuna sababu uingie huko. Ila kuna daftari la tatu ambalo redioni hawalitaji. Mwaka 1993 Benki ya Dunia kwenye ripoti yake ilitoa kipimo kipya walichokibuni kina Christopher Murray na Alan Lopez, kinaitwa DALY. Kinajumlisha miaka ya maisha iliyopotea kwa kufa mapema na miaka ya kuishi na maumivu au ulemavu, ukipewa uzito kuanzia sifuri (mzima kabisa) mpaka moja (sawa na kufa). Baba yako mdogo alifariki na 41. Kwa kipimo hiki binadamu anategemewa kuishi mpaka zaidi ya 85, kwa hiyo kifo chake kimoja ni zaidi ya miaka 40 iliyopotea. Mzee wa miaka 80 akifa kwa kitu kingine ni kama miaka 10. Kwenye rejista yako wote wawili ni kijiti kimoja kimoja. Na huo mwaka aliokaa na tumbo la maji? Ini lililoshindwa kazi lina uzito wa 0.178, kwa hiyo mwaka mzima wa mateso unaongeza chini ya robo ya mwaka kwenye hesabu. Mimi nimeuguza hao watu, hiyo namba siipendi, ila ndo iliyopo.

Umri ndo unaofanya mzigo wa Afrika uwe mzito kuliko idadi ya maiti. Kuna utafiti uliokusanya wagonjwa wa kansa ya ini nchi kadhaa za Afrika ukachapishwa 2017: Misri umri wa kati ulikuwa 58, kwingine kusini ya Sahara 46. Na baada ya kugundulika, Misri waliishi kama miezi 11, kwingine miezi miwili na nusu. Miezi miwili na nusu! Huyo mtu anafika kwako leo, kabla hujafunga ripoti ya robo mwaka hayupo.

Wewe usiyeumwa una uzito gani kwenye DALY? Sifuri. Mwenye virusi asiye na dalili anahesabiwa sifuri kabisa. Kimahesabu naelewa, kiutu sikubali. Muulize dada aliyeuza shamba ili aende Ghuba kufanya kazi, akaenda medikali, kule wanapima B na C, akaandikiwa hafai, akarudi kijijini na deni na jina baya, watu hawataki kula naye sahani moja ilhali B haiambukizwi kwa chakula wala kijiko. Huyo ana sifuri. Hofu uliyoibeba wewe tangu mwezi wa tatu bila kumwambia mkeo nayo ni sifuri. Kwa hiyo ukisikia mzigo wa homa ya ini umepimwa, jua umepimwa ule unaopimika.

Wenzako wakiuliza basi kupima kuna faida gani wape Misri. Kuanzia miaka ya hamsini mpaka mwanzoni mwa themanini serikali ilikuwa inatibu kichocho kwa sindano, mtu anachomwa mara nyingi, sindano za kioo zinarudiwa, na virusi vya C vikasambaa humo bila mtu kujua kwa sababu C yenyewe iligunduliwa 1989. Mwaka 2008 wakapima kaya kitaifa: asilimia 14.7 ya wenye miaka 15 hadi 59 walikuwa na kingamwili, na 9.8 virusi vyenyewe. Hiyo namba ilikuwa aibu, ila ndo iliyowapa nguvu mezani. Dawa mpya ilipotoka Marekani inauzwa dola 84,000 kwa dozi kamili, Misri wakaenda na idadi ya wagonjwa wao wakaipata kwa kama dola 900. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 wakapima karibu watu milioni 50. Oktoba 2023 Shirika la Afya likawapa daraja la dhahabu la kuelekea kuitokomeza C. Rwanda nao mwishoni mwa 2018 wakatangaza mpango wao wa kupima watu milioni 4. Nchi isiyojua namba yake haina cha kuombea bei.

Kwa hospitali yako, usisubiri utafiti wa taifa. Mshauri mganga mfawidhi kwamba kila anayelazwa na tumbo la maji, kutapika damu au uvimbe wa ini apimwe HBsAg na kingamwili za C, na majibu yaandikwe kwenye rejista pembeni ya dayagnosisi. Haitakupa asilimia ya wilaya, narudia haitakupa, maana wanaofika hospitali ni waliochaguliwa na nauli na hali zao. Lakini itakuonyesha vifo vyenu vya ini vinatoka wapi. Hesabu za wajawazito nazo zitunze mwaka hadi mwaka, kwa kutazama mwelekeo zinafaa. Na madaktari wakumbushwe wajaze cheti cha kifo kwa mnyororo: alitapika damu, kwa sababu ya ini kusinyaa, kwa sababu ya homa ya ini B sugu. Mstari wa mwisho ndo unaohesabiwa. Majina ya watu yasitoke nje ya chumba chako, hilo najua unalijua.

Haya, wewe mwenyewe. Rudia HBsAg hospitali, na ikibaki hivyo miezi sita baada ya kile cha kwanza ndo inaitwa sugu. Pima vimeng'enya vya ini, chembe sahani za damu, HIV, ultrasaundi ya ini, na wingi wa virusi, hiki cha mwisho mara nyingi mpaka hospitali ya rufaa. Mwambie daktari habari za baba mdogo, ni muhimu: siwezi kujua kilichomuua bila kipimo, lakini ndugu wa damu aliyekufa na ini akiwa kijana kunabadilisha uamuzi wa kuanza dawa. Siyo kila mwenye virusi anaanza dawa, wengine wanafuatiliwa kila miezi sita. Dawa yenyewe, tenofovia, ni kidonge kimoja kwa siku, inavikalisha virusi chini ila haivifukuzi kabisa, na ukianza usiache kienyeji kwa sababu virusi vikiamka kwa hasira vinaweza kuangusha ini. Chanjo kwako haina kazi tena. Pombe acha, na yale mizizi ya "kusafisha ini" yanayouzwa mitandaoni acha pia, nimewaona walioingia ICU nayo. Ukiona tumbo linajaa, choo cheusi kama lami, unatapika damu, macho ya njano, au unachanganyikiwa na kulala mchana kukesha usiku, ni hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kliniki. Mama yako na ndugu zako wa tumbo moja nao wapimwe, maana kwa umri wako hukupata chanjo utotoni na inawezekana mlipata sehemu moja.

Na mke wako mwambie leo jioni. Najua unaogopa atauliza umeitoa wapi. Mwambie ukweli wa kitabibu, kwamba mwenye homa ya ini sugu mara nyingi aliipata utotoni, na hiyo siyo janja ya kujitetea. Wiki hii nendeni kliniki pamoja apimwe HBsAg. Akiwa hana, achanjwe dozi tatu, chanjo hii ni salama kwa mjamzito, na mtumie kondomu mpaka amalize. Akiwa nayo, muda bado upo: apimwe wingi wa virusi, na kama viko juu au kipimo hicho hakipatikani, madaktari wanaweza kumpa tenofovia kuanzia sasa mpaka ajifungue ili mtoto asipate. Kwa vyovyote vile ulizeni mapema ni wapi mtoto atapata dozi ya kwanza ya B ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kwa sababu ile pentavalenti ya wiki ya 6 kwa mtoto aliyepata virusi siku ya kuzaliwa imechelewa. Mwaka 2022 kwenye kanda ya Afrika ni watoto 18 tu kati ya 100 walioipata hiyo dozi ya siku ya kwanza. Kama hospitali yenu haina, tafuteni ilipo na mpange kujifungulia huko, mna miezi minne.